Tulitie Tupa au Tulitupe?

Tuanze na lawama. Katika mashairi na hadithi fupi tunazosomeana vijana wa mjini, gitaa la kutengeneza nyumbani limekuwa kama yule mgeni asiyekosa harusi hata moja. Mtoto maskini anaokota debe, anafunga waya wa breki ya baiskeli, anakaa chini ya mwembe, anapiga, na kijiji kizima kinatokwa machozi. Au mpenzi kaondoka, gitaa la mbao za kasha limebaki ukutani, na usiku linalia lenyewe. Sina ugomvi na mwembe wala na machozi. Ila katika maandishi yote hayo sijakutana hata mara moja na gitaa lililokataa kutyuni. Halina freti iliyokaa upogo, halina shingo iliyopinda, halichani vidole. Ni gitaa la mwandishi ambaye hajalishika, na msomaji aliyewahi kulishika anajua hivyo ifikapo sentensi ya pili.

Upande wa pili wako wahakiki wetu, na wao wana neno lao moja: msasa. "Kazi ni nzuri, ila inahitaji kupigwa msasa." Utalisikia kwenye kila kikao cha waandishi chipukizi, utalisoma kwenye kila barua ya mhariri inayorudisha shairi la mtu. Sasa hebu tuliangalie neno lenyewe. Msasa kwa asili ni mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainisha mbao kabla karatasi ya dukani haijafika. Ni kazi ya mwisho kabisa ya fundi. Kiti kishasimama, miguu yote minne inagusa sakafu, ndipo unapiga msasa. Kwa hiyo mhakiki anayemwambia mtu akapige msasa anamwambia, bila hata kufikiri, kwamba kiti chake kimesimama. Mara nyingi hakijasimama, bwana. Kina miguu mitatu, na jamaa wa watu anaambiwa akilainishe.

Ndiyo maana leo sihakiki kitabu. Nahakiki gitaa.

Liko maskani kwetu, Dar es Salaam, upande wa Keko, ambako maseremala wamejaa na vipande vya mbao havina bei ukiwa na mdomo mzuri. Aliyelitengeneza ni kijana fundi wa makabati ambaye hajawahi kuona gitaa likitengenezwa. Aliliona moja la kanisani, akaliomba kwa nusu saa, akalipima, akarudi kazini kwake. Tumbo ni plaiwudi ya kabati. Shingo ni mninga, kipande kilichobaki kwenye kitanda cha mteja. Freti ni spoki za baiskeli, unene wa milimita 2, zimezamishwa nusu kwenye mfereji na kugandishwa. Vigingi vya kukazia nyuzi vilitoka kwenye gitaa lililovunjika. Nyuzi zenyewe ni za chuma, za dukani. Waya wa breki hakuna, washairi watatusamehe.

Mimi na wenzangu wawili tunajifunza kukarabati magitaa, na hili tulipewa la kufanyia mazoezi, kwa hoja kwamba haliwezi kuharibika zaidi ya hapo. Hoja hiyo husikika tamu. Ndiyo ile ile inayotumika tunapopewa muswada wa mtoto wa shule tuuchezee kwa wino mwekundu: ukiharibika, nani atalia?

Basi nimseme anayelia. Kuna dogo mmoja wa miaka 13, mdogo wake fundi, ndiye aliyekuwa akilipiga kila siku. Yeye hukaza nyuzi kwa sikio: anaimba sauti kwanza, halafu anaufuatisha uzi mpaka ufike pale. Wakubwa wanaojua gitaa kidogo walikuwa wanamnyang'anya na kumsahihisha kwa njia ya kawaida, ile kila mtu anayofundishwa siku ya kwanza: bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya tano, kaza uzi wa tano mpaka ulie sawasawa na huo, kisha endelea hivyo hivyo na nyuzi zinazofuata, isipokuwa uzi wa pili, unaofuatishwa kwa freti ya nne ya uzi wa tatu. Wakimaliza, gitaa linalia kama mlango wa kabati lisilo na mafuta, na wao wanamgeukia: "Wewe dogo huna sikio." Alikuwa ameshaambiwa hivyo mara nyingi kiasi kwamba alikuwa analisema mwenyewe kabla hujamuuliza kitu. "Mimi sina sikio, kaka. Napiga tu."

Sasa twende kwenye freti, na wale wa vina na mizani watanielewa upesi kuliko wengine. Freti hazipangwi kwa macho. Unapima urefu wa uzi, kuanzia kile kijiti cha juu kinachopokea nyuzi hadi daraja lililo tumboni. Urefu huo unaugawa kwa 17.817, unapata umbali wa freti ya kwanza. Kinachobaki unakigawa tena kwa 17.817, unapata ya pili, na kuendelea. Gitaa lenye uzi wa sentimita 65 freti yake ya kwanza hukaa milimita 36.5 kutoka kwenye kijiti. Hatua zinapungua, zinapungua, hata kutoka freti ya 11 kwenda ya 12 ni milimita 19.3 tu. Na ya 12 lazima iangukie nusu ya uzi, pale pale, kwa sababu hapo ndipo oktava ilipo. Huwezi kujadiliana nayo. Ni kama mshororo wa mizani 16: ukifika wa 17 msikilizaji anajua, hata kama hajui alichokijua.

Tulipolijaribu la kwetu, freti za mwanzo zilikuwa na uchachu kidogo. Ya tatu ikazidi. Ya tano ilikuwa juu kwa karibu robo toni. Ya 12, ambayo ingepaswa kutoa oktava safi, ilikuwa imepanda robo tatu ya toni. Mwenzetu wa kwanza akasema tuzipige tupa freti zote, labda ni suala la urefu wa spoki. Wa pili akatoa koleo: tung'oe spoki zote 12, tuzibe mifereji kwa vumbi la mbao na gundi, tuchimbe upya. Na kusema kweli, wa pili ndiye aliyeonekana mhakiki makini. Aliona makosa 12, akaleta dawa 12.

Kabla koleo halijagusa kitu tukafanya jaribio ambalo halina gharama. Uguse uzi kwa wepesi, bila kuubonyeza, katikati yake kabisa, halafu uupige na uuachie. Unatoa mlio mwembamba kama wa filimbi, oktava moja juu. Mlio huo haujali freti ziko wapi. Unatii nusu ya uzi tu. Kwenye gitaa zima unaupata juu ya freti ya 12. Kwenye hili tuliupata kati ya freti ya 10 na ya 11, karibu zaidi na ya 11.

Tukachukua futi. Kutoka kijiti cha juu hadi darajani, sentimita 60. Kutoka kijiti hadi freti ya 12, sentimita 32 na nusu. Zidisha mara mbili: 65.

Unaona kilichotokea? Yule fundi alipoliomba gitaa la kanisani aliweka ukanda wa karatasi juu ya shingo, akaweka alama ya kila freti, akazihamishia kwenye mninga wake kwa uaminifu wa mtu anayenakili mkataba. Nusu saa ikaisha. Tumbo akaja kulichora mwenyewe, na daraja akaligandisha mahali lilipopendeza macho, karibu na tundu, sentimita 5 mbele ya pale lilipotakiwa kuwa. Freti zote 12 zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa moja, na halikuwa kwenye freti.

Rudi sasa kwa dogo. Kwenye gitaa hilo ukityuni kwa freti ya tano, kila uzi unaukaza kupita kiasi kwa robo toni, na unaofuata unapokea dhambi ya wa kwanza na kuongeza yake. Ukifika uzi wa tatu umeshapotea kwa robo tatu ya toni. Dogo alipokuwa anakaza kwa kuimba, nyuzi zake zikiwa wazi zilikuwa sawa. Wakubwa walipomsahihisha, walikuwa wanaharibu. Sikio lilikuwepo, la kwake. Kanuni ilikuwa nzuri pia, imeandikwa vitabuni. Ila kanuni ilikuwa inasimama juu ya kipimo kibovu na hakuna aliyekipima. Mtoto akaamini kanuni, akajikana mwenyewe. Nauliza tu: ni wangapi kwenye vikao vyetu walioambiwa "huna kipaji" kwa njia hiyo hiyo, wakafunga daftari, na sasa wanauza vocha na wala hawataki kusikia habari za mashairi?

Na ile hoja ya kwamba haliwezi kuharibika zaidi? Kama koleo lingetangulia, tungeng'oa kitu pekee kilichokuwa sahihi kwenye gitaa zima.

Kulihamisha daraja kulituchukua mchana mmoja. Gundi ilikuwa ile nyeupe ya mbao, ambayo ina ila yake (ikivutwa muda mrefu inateleza polepole) na ina fadhila yake: ikipata joto inalainika. Kitambaa kibichi, pasi ya mkaa, kisu chembamba cha mezani, subira. Ingekuwa ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa, tungeondoka na kipande cha plaiwudi. Mafundi wa vinanda vya Ulaya wameshikilia gundi ya ngozi za wanyama kwa karne nyingi kwa sababu hiyo hiyo: kesho mwingine ataweza kuifungua kwa joto na maji. Ningependa wahariri walifikirie hilo. Penseli inafutika. Wino mwekundu juu ya nakala pekee ya mtu, hapana.

Ndani, kupitia tundu, tuligandisha kibao chembamba cha mninga chini ya mahali papya, maana plaiwudi peke yake isingehimili mvuto. Daraja tukalirudisha nyuma sentimita 5, na milimita 2 au 3 za nyongeza, upande wa nyuzi nene zaidi kidogo kuliko wa nyuzi nyembamba. Nyongeza hiyo ni kwa sababu uzi ukibonyezwa unavutika, na ukivutika unapanda. Unaufidia kwa urefu. Hata hesabu safi inahitaji kuonewa huruma na mwili. Tulipofunga nyuzi, mlio wa filimbi na freti ya 12 vilisema neno moja.

Nimesoma hadithi ya mwenzetu mmoja, sitamtaja, iliyorudi kutoka kwa wahakiki ikiwa imechorwa kila ukurasa: hapa si kweli, hapa lugha imezidi, hapa mtoto hawezi kusema hivi, hapa mtoto hawezi kusema hivi, hapa tena. Makosa 40 na kitu. Nilipoisoma niliona kosa moja: msimulizi ni mtoto wa miaka sita, na kinachosimuliwa ni kikao cha wazee cha kugawana nyumba, usiku wa manane, mlango umefungwa. Hakai mahali anapoweza kusikia. Mhamishie masimulizi dada yake mkubwa anayewapikia wazee chai, na sentensi zile zile zitakaa sawa, karibu zote. Lakini yeye ameshaanza kubadilisha neno moja moja. Anapiga msasa.

Liko jambo la mvumo, na hapa ndipo tulipogombana kweli. Gitaa hili lilikuwa na mivumo miwili. Mmoja ulitoka kwenye spoki ya saba, iliyokuwa juu kuliko wenzake. Huo hauna falsafa. Unaweka rula ya chuma juu ya freti tatu, ikicheza kama mbao ya bembea, ya katikati iko juu, unaipiga tupa. (Tupa ya chombo, si amri. Kiswahili kimetupa mtihani hapo: neno moja la kurekebisha na la kutokomeza.) Mvumo wa pili ulitoka kwenye kipande cha bati la kizibo cha soda, kilichogongewa msumari mdogo karibu na daraja, kimelegea makusudi. Mwenzetu akashika koleo tena, huyu jamaa na koleo lake, lakini fundi mwenyewe alikuwepo siku hiyo. "Hicho kiacheni. Marimba ya babu ililia hivyo."

Babu yake ni Mgogo. Na kwa Wagogo mvumo wa marimba, yaani ilimba, ni sehemu ya sauti. Haujaingia kwa bahati mbaya. Msikilize Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, uone kama ungethubutu kumwambia aondoe mvumo. Vuka Ziwa Tanganyika, nenda hadi Kinshasa: Konono N°1 walitia likembe zao kwenye vikuza sauti walivyojiundia kwa vyuma chakavu, sauti ikakwaruza, na mkwaruzo huo ndio uliowafanya watu wa mbali wainunue Congotronics ya mwaka 2004. Fundi wa redio angesema spika imepasuka. Kwa kipimo cha spika yake, amesema kweli.

Kipande cha bati kikabaki. Lakini fundi wetu, kuona hoja yake imekubalika, akanogewa: akasema na shingo nayo aliipinda makusudi. Hapo tulicheka mpaka muuza kahawa akaja kuuliza kuna nini. Na kicheko chetu kilikuwa uhakiki tosha. Bati linavuma kila unapopiga, kwa kiasi kile kile. Ukilisikia mara mbili unajua kuna mtu amelipanga. Shingo inazidi kupinda kila wiki. Hakuna aliyeichagua. Nyuzi zilikuwa zimenyanyuka karibu sentimita moja juu ya freti ya 12, na dogo ana vidole vya kuthibitisha.

Wapo watakaosema nimejisahau, kwamba msanii akisema alikusudia basi yaishe. Tuliwahi kuwa na ugomvi huo kwa ukubwa kuliko huu. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, malenga wa jadi walikuwa na neno tayari: guni. Shairi lenye kasoro ya vina na mizani, sheria zilizokuwa zimeandikwa wazi na Kaluta Amri Abedi miaka 20 kabla. Na vijana wakajibu kwamba ni uhuru. Tangu hapo kila asiyejua kuhesabu mizani ana pa kujificha: "Hili ni huru, kaka." Kwa macho kurasa mbili zinafanana kabisa. Mimi nasema zisomwe kwa sauti. Kwenye Kichomi mstari unakatika pale wazo linapogeuka au pumzi inapozuiwa. Kwa mwigaji unakatika pale mkono ulipochoka. Lile la kwanza ni bati, la pili ni shingo. Na asiyetaka freti kabisa, mlango uko wazi tangu zamani: udi wa taarabu hauna freti hata moja, kila sauti ni jukumu la kidole cha mpigaji. Nenda Unguja ukamwone mpigaji udi anavyofanya mazoezi, halafu uniambie kama uhuru ni njia ya mkato.

Shingo ilitushinda nusu. Nyuzi sita za chuma zikikazwa kwa kawaida zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi; ni kama mtu mzima ananing'inia hapo mchana na usiku. Shingo ya mninga isiyo na chuma ndani lazima isalimu amri, na wala si aibu ya Keko: hata Martin, kiwanda cha Marekani kilichoanza mwaka 1833, kilianza kutia chuma cha kurekebishika mwaka 1985 tu. Tuliibana shingo kinyumenyume kwa klampu, tukaipasha joto, ikarudi kidogo. Kisha tukashusha nyuzi zote toni moja. Kushusha toni moja kunapunguza mvuto kwa takriban asilimia 20, na kwa bahati sauti ya dogo inavunjika siku hizi. Toni moja chini inamfaa kuliko pale pa zamani.

Tumbo hatukuligusa. Plaiwudi ya milimita 6, wakati magitaa mengi uso wao ni milimita 3 au pungufu. Halitetemeki, basi. Mlio wake ni wa kabati lililofungwa na litabaki hivyo mpaka liungue. Yako maandishi ya aina hiyo, na mhakiki aseme mara moja, kwa upole, kisha anyamaze. Asimtume mtu kwenye msasa kwa miezi mitatu.

Nilisema nina ugomvi na gitaa la washairi, sijaumaliza. Kinachonikera zaidi si uongo wa ufundi. Ni ile imani iliyo chini yake, kwamba ubovu wenyewe ndio unaozaa msanii, kwamba umaskini unatyuni nyuzi. Watu watakutajia Jean-Bosco Mwenda, mtoto wa Katanga aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Sawa, msikilize. Katika "Masanga" nyuzi zimekaa pale pale zinapotakiwa, na vidole viwili vya mkono wa kulia vinafanya kazi ya watu wawili. Huwezi kufanya vile juu ya freti zinazodanganya. Watakutajia Red Special ya Brian May, yule mpiga gitaa wa Queen, bendi ya Freddie Mercury mzaliwa wa Unguja mwaka 1946. Ni kweli, yeye na baba yake walianza kulitengeneza nyumbani mwaka 1963. Shingo ni mbao ya rafu ya jiko la ukutani, iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 100, matundu ya wadudu yakazibwa kwa njiti za kiberiti. Kifaa cha kulegezea nyuzi kina springi za valvu za pikipiki. Hadithi tamu. Ila baba alikuwa mtu wa elektroniki, na walipima kila kitu, wakakijaribu, wakakipima tena, karibu miaka miwili. Ukisikiliza santuri za Queen husikii njiti za kiberiti. Husikii huruma.

Mfano ninaoupenda mimi ni satonge, ile ya Roger Landu wa Staff Benda Bilili wa Kinshasa: kopo, kijiti, uzi mmoja. Ilisikika kwenye Très Très Fort mwaka 2009 na kuonekana kwenye filamu yao ya mwaka 2010. Haina freti, haidai kuwa gitaa, haimwahidi mtu oktava halafu ikampa kitu kingine. Imeahidi uzi mmoja na inautoa wote. Gitaa letu la Keko liliahidi freti 12. Kwa hiyo tukalidai 12. Sikulionea, na wala sikulihurumia kwa kuwa ni la nyumbani. Ningefanya hivyo ningekuwa nimemwambia fundi kwamba kazi yake si gitaa kweli.

Hali ilivyo sasa. Pale daraja lilipokuwa zamani pamebaki mstatili mweupe kwenye rangi, sentimita 5 mbele ya lilipo. Mwenzetu mmoja anataka papakwe vanishi, fundi anataka paachwe ili wateja wa makabati wakiuliza apate la kusema. Karatasi ya msasa tumenunua, namba 240, iko kwenye gazeti haijafunguliwa. Wakubwa wa maskani bado wanatyuni kwa freti ya tano na sasa inakubali, jambo ambalo limewafanya waamini walikuwa sahihi tangu mwanzo. Hakuna wa kuwabadilisha.

Dogo alikuja juzi na malalamiko mapya. Uzi wa kwanza, freti ya pili, anasema umepanda. Kidogo sana. Mwenye koleo akasema ni masikio yake. Tukapima: kijiti cha juu kimeuacha uzi huo juu mno, kwa hiyo ukibonyeza karibu na hapo unavutika kupita kiasi. Mfereji wake unatakiwa kushushwa, labda nusu milimita. Tupa nyembamba anayo fundi wa majiko wa mtaa wa pili, tunaifuata Jumamosi.